Ukungu wa Upande Mmoja

Mabenchi ya sauti ya pili katika kwaya ya kigango cha Endagikot yalikuwa mawili, na lile la mbele lilikuwa la akina mama sita waliozoea kubanana. Agatha alikuwa mmoja wao kwa miaka kumi na minne. Hakukumbuka ni Jumapili ipi nafasi ilianza kuonekana. Ila mwaka huu, siku ya Pentekoste, aliweka kitabu cha nyimbo kati yake na Fausta, jirani yake, akaweka na kanga iliyokunjwa, na bado pakabaki mahali.

Hakuuliza. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mama wa watoto wanne, mkulima wa vitunguu saumu anayejulikana mpaka sokoni, na hakuwa na tabia ya kubembeleza watu. Alirudi nyumbani akajihoji mwenyewe: nimesema nini? Nimemkwaza nani? Alipitia maneno yake ya mwezi mzima kama mtu anayechambua mchele, asione hata kokoto moja.

Kuhusu pua hakuwaza kabisa. Pua alikuwa ameshaizoea. Ilikuwa imeziba upande wa kulia kwa miaka sita, mchana na usiku, kiangazi na masika, na mtu akizibwa muda wote huo huacha kuona kwamba ni ugonjwa. Inakuwa namna yake tu ya kuishi. Mwanzoni aliihangaikia. Alijifukiza majani ya mikaratusi hata kope zikamuungua. Alikunywa tangawizi. Alinunua vidonge vya mafua, akanunua matone ya pua, akayatumia mwezi mzima mpaka muuza dawa mwenyewe akamwambia aache. Mmoja alisema ni vumbi la vitunguu saumu, mwingine akasema ni baridi ya Mbulu, na kwa kuwa vumbi na baridi vyote vilikuwepo, Agatha aliwaamini wote wawili. Vitunguu saumu vyenyewe alikuwa hasikii harufu yake tena. Alivipanga kwa macho na kwa vidole.

Kilichomtoa nyumbani ni damu. Haikuwa nyingi. Ulikuwa uzi mwembamba uliokuja na makamasi ya njano kila asubuhi, siku ya kwanza, ya pili, wiki ya kwanza, ya pili. Siku ya kumi na tano mumewe, Bonaventura, aliiona kwenye kitambaa alichokianika mkewe uani. Aliitoa pikipiki, akaifuta kiti, akasimama pembeni yake akisubiri.

"Mama Michael," alisema, "twende kituo cha afya."

Tabibu wa zamu aliitwa Restituta. Alikuwa binti mdogo, kwa umri angeweza kuwa mtoto wa Agatha, na aliinuka walipoingia.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Aliwakaribisha kwenye viti, akasikiliza habari ya damu mpaka mwisho bila kuandika. Kisha akauliza swali ambalo Agatha alikuja kulikumbuka siku nyingi baadaye, kwa sababu lilikuwa jepesi mno, na katika miaka sita hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Inaziba upande gani?"

"Huu."

"Kila siku huu?"

"Huu huu."

"Haijawahi kuhamia kushoto? Hata siku moja? Ukilalia ubavu mwingine?"

Agatha alifikiri. Watoto wake walipopata mafua aliwaona wakizibwa huku, kisha huku, kisha kote, kisha wanapona. Yake haikuwahi kuhama. Ilikuwa pale pale kama mlango uliopigwa misumari.

"Haijawahi," alisema.

Restituta alichukua kutoka kwenye trei kibao cha chuma cha kukandamizia ulimi. Ilikuwa mwezi wa saba, na asubuhi za Mbulu mwezi huo huuma vidole. Chuma kilikuwa baridi kama maji ya mtoni. Alikishika kwa ulalo chini ya pua ya Agatha.

"Funga mdomo, mama. Toa pumzi kwa pua, polepole."

Agatha alitoa pumzi. Restituta akakigeuza kibao haraka, akawaonyesha. Upande wa kushoto palikuwa na duara la ukungu, dogo, jeupe, linalofifia. Upande wa kulia chuma kiling'aa kama kilivyotoka kwenye trei. Hakikuwa na ukungu hata wa ncha ya sindano. Agatha aliona jicho lake mwenyewe humo, likimtazama.

"Rudia," alisema Bonaventura.

Alirudia. Ukungu mmoja. Alirudia tena. Ukungu mmoja. Ikamjia Agatha kwamba kwa miaka sita alikuwa akiishi na nusu ya kichwa chake ikiwa imefungwa, na kwamba ushahidi wake ulikuwa mwepesi hivi, pumzi na chuma, na mtu yeyote angeweza kuuona jikoni kwake kwa kijiko.

"Mama," alisema Restituta, akikiweka kibao chini, "na harufu je? Kuna harufu mbaya inayotoka puani?"

"Hapana. Mimi sisikii harufu yoyote."

"Najua wewe husikii. Mwenye nayo huizoea. Nauliza wengine."

Aligeuka taratibu akamtazama Bonaventura. Bonaventura alikuwa ameshika kofia yake magotini, akiizungusha kwa ukingo wake. Aliizungusha mzunguko mzima kabla hajajibu.

"Ipo," alisema.

Nje kuku alikuwa akiparua kokoto. Agatha aliliona benchi la kwaya, na kitabu chake cha nyimbo, na kanga yake iliyokunjwa, na nafasi iliyobaki.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mwaka wa tatu huu."

Hakulia pale. Alikaza macho kwenye ukuta ambako kulikuwa na kalenda, akasoma siku zote za mwezi wa saba kuanzia ya kwanza.

Restituta hakuharakisha. Aliwasha tochi akatazama ndani ya pua, akatikisa kichwa kwamba usaha unazuia. Alimbonyeza mashavu. Akauliza kama meno ya juu yamelegea, kama anaona vitu viwili viwili, kama uso unakufa ganzi, kama jicho limesukumwa. Kwa kila swali Agatha alisema hapana, na kwa kila hapana aliona bega la binti yule likishuka kidogo.

"Lolote kati ya haya lingekuwepo, leo hii hii ungeondoka hapa na gari," alisema Restituta. "Sasa sikilizeni. Pua inayoziba huku na huku, ikaja na kuondoka, tunaitibu hapa, na wengi wanapona. Lakini inayoziba upande ule ule mmoja, miezi na miezi, ikatoa usaha wenye harufu, ikaleta na damu, hiyo siwezi kukupa vidonge nikakurudisha nyumbani. Kuna kitu humo ndani. Sijui ni nini. Inabidi aingie mtu mwenye kamera na ujuzi wa kutazama."

"Unaogopa nini?" aliuliza Bonaventura.

"Naogopa kukisia, baba," alisema Restituta.

Wiki iliyofuata madaktari bingwa walikuwa wanakuja Katesh, na mmoja wao alikuwa wa masikio, pua na koo. Restituta alipiga simu mbele yao, akaandika barua ya rufaa ukurasa mzima, akaikunja.

Agatha alisafiri peke yake. Bonaventura alibaki na mifugo, na kusema kweli Agatha alitaka hivyo. Tangu siku ile walikuwa wanaongea mambo ya lazima tu. Alikaa dirishani na kitambaa puani, Dongobesh ikapita, Haydom ikapita, nchi ikashuka ikawa tambarare na ya manjano, na mlima Hanang ukaanza kuonekana peke yake mbele, na mistari yake ya kahawia pale maporomoko ya matope yalipouchubua mwaka ule. Dada yake mkubwa, Efrazia, alikuwa akiishi chini ya mistari hiyo, Jorodom. Nyumba yake ilipona kwa hatua ishirini. Alimpokea stendi akamkumbatia kwa nguvu, na Agatha alikuwa wa kwanza kujitoa.

"Usinikaribie sana, dada."

"Nani kakwambia hivyo?"

"Nanuka."

Efrazia alimvuta tena. "Mimi nimekubeba mgongoni ukinikojolea," alisema. "Unadhani harufu yako itanitisha leo?"

Hapo ndipo Agatha alipolia, katikati ya stendi ya Katesh, mbele ya wauza maji na wapiga debe.

Foleni ya hospitali ilianza alfajiri na zamu yake ikafika saa nne. Daktari aliitwa Clement. Alikuwa mfupi, mwenye mvi masikioni na sauti ya mtu asiyewahi kukimbilia basi. Alisoma barua ya Restituta mara mbili, akaipigapiga kwa kidole kwa namna ya mtu aliyeridhika na kazi ya mwenzake, kisha akamkalisha Agatha kwenye kiti kirefu mbele ya runinga ndogo.

"Ungependa kutazama?" aliuliza. "Wengine hawapendi."

"Nitatazama."

Alimpulizia dawa ya ganzi, akasubiri, akachukua bomba jembamba kuliko kalamu, lenye mwanga nchani. Alianza na upande wa kushoto, ule mzima. Na juu ya kioo kile Agatha akajiona ndani.

Hakuwa ametegemea uzuri. Ilikuwa njia ndefu, ya rangi ya ufizi wa mtoto mchanga, imeloa, inameremeta, na kuta zake zilijikunja taratibu kama vitambaa vilivyowekwa na mtu mwenye mikono mipole. Palikuwa na mishipa myembamba kuliko nywele. Maji yalisogea juu yake yenyewe, bila kuonekana kinachoyasukuma, yote yakielekea nyuma.

"Ni nini kinayasogeza?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Kuna vinyweleo huwezi kuviona hata hapa. Vinafagia. Ukilala vinafagia, ukiimba vinafagia."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujazaliwa, mama."

Alitamani wabaki pale. Lakini daktari alilitoa bomba, akalifuta, akaingia kulia.

Palikuwa na usaha kwanza, na mashine ya kunyonya ikaunyonya kwa kelele. Muuguzi aliyeshika trei alifunga macho kidogo, na Agatha akajua ni ile harufu, akainamisha uso. Kisha kioo kikawa safi, na daktari Clement akaacha kusogea.

Ndani kabisa, njia ilipaswa kuendelea na haikuendelea. Ilizibwa na kitu cha kijivu chenye madoa ya kahawia, chenye uso wa kukwaruza kama jabali, na nyama ya pembeni ilikuwa imevimba ikikiminya. Daktari alichukua kijiti cha chuma akakifikisha pale, akagonga.

Ko.

Agatha aliisikia sauti ile kutoka ndani. Haikupitia masikioni. Ilitoka katikati ya uso wake, nyuma ya jicho, kama mtu aliyebisha hodi kwenye fuvu lake akiwa upande wa pili.

"Umesikia?" aliuliza daktari.

"Nimesikia."

Alivuta pumzi ndefu, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Tabibu wako aliandika neno moja mwishoni mwa barua, akaweka alama ya kuuliza. Nami nilikuwa nalo kichwani tangu uingie. Uvimbe ule wa saratani tunaouogopa haulii hivi. Ngoja tupige picha, lakini nadhani Mungu amekupa kingine."

Katika picha ya eksrei lilionekana doa jeupe pe, ukubwa wa punje ya kitunguu saumu, limekaa kati ya pua na shavu, na limeusukuma ukuta wa kati mpaka upande wa kushoto nao ukawa mwembamba.

"Hilo ni jiwe, mama."

"Jiwe limeingiaje puani kwangu?"

"Halikuingia. Limejengwa humo humo. Kuna kitu kidogo kiliingia zamani, sijui nini. Mwili ukikuta kitu usichoweza kukitoa wala kukiyeyusha, unakipaka chokaa. Safu moja, safu nyingine. Kama lingekuwa gogo tungekata tukahesabu miaka."

"Mwili wangu?"

"Wako."

"Nani aliuambia?"

Daktari Clement aliitazama ile picha kwenye mwanga kana kwamba naye ndiyo kwanza anaiona.

"Hilo hatulijui vizuri," alisema. "Tunajua kwamba unafanya."

Walilitoa siku iliyofuata. Agatha alikuwa macho. Walimjaza pamba zenye ganzi na sindano mbili, wakamwambia hatasikia maumivu bali atasikia kazi. Na kazi aliisikia. Jiwe lilikuwa kubwa kuliko mlango, hivyo daktari alilibana kwa koleo jembamba akalivunja mahali lilipo, na kila lilipovunjika kichwa chote cha Agatha kilijaa mlio kama mtu anatafuna mchanga ndani yake. Vipande vilidondoka kwenye trei kimoja kimoja. Chozi lilimtoka jicho la kulia peke yake. Alishika vyuma vya kiti, akatazama dari, akaimba moyoni sauti ya pili ya wimbo asioukumbuka jina.

Kisha kitu kikaachia.

Kitu baridi kilimgonga mahali alipokuwa amesahau kwamba ni pake. Ilikuwa hewa. Ilipita kulia, ikapanda, ikafika nyuma ya jicho, ikashuka kooni, na Agatha akashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Alitoa pumzi, akavuta tena, akasahau kwamba anatoka damu.

"Polepole," alisema muuguzi. "Haitaisha. Ipo nyingi."

Daktari alikuwa ameinama juu ya trei, akichambua vipande kwa ncha ya koleo. Kimoja kilikuwa kimepasuka katikati, na katika mpasuko ule palikuwa na tone la rangi. Alikiosha. Akakibana, ganda likatoka. Akaosha tena, akaweka kitu kwenye kiganja chake cha glavu, akakileta karibu na macho ya Agatha.

Ilikuwa shanga. Shanga ya buluu, ndogo, yenye tundu lake, na rangi yake ilikuwa mbichi kama ya jana.

Wauguzi wawili waliacha walichokuwa wanafanya wakasogea. Daktari wa meno wa chumba cha pili alichungulia akaingia.

"Unaijua?" aliuliza daktari Clement.

Agatha alitafuta. Alitafuta katika watoto wake, katika harusi yake, katika shule. "Hapana," alisema. "Siijui. Niitieni dada yangu."

Efrazia aliingia na kanga mkononi, tayari kwa habari mbaya. Alimtazama mdogo wake kwanza, akaona yuko hai, kisha akatazama kiganja cha daktari. Alikaa chini sakafuni, hapo hapo, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Agatha," alisema. "Agatha wewe! Ulisema umeimeza!"

"Nilisema lini?"

"Pale kisimani! Masakta!"

Akaeleza, na alipokuwa akieleza sauti yake ikarudi kuwa ya msichana wa miaka tisa. Wanawake wa wafugaji walikuwa wakija kisimani kunywesha ng'ombe, na sketi zao za ngozi zilikuwa na shanga maelfu. Uzi ukikatika shanga zilimwagika mchangani, na watoto wa Masakta, kijiji walikokulia wao wawili, walikwenda baada ya mvua kuzitafuta. Siku moja Efrazia aliiona moja ya buluu, ya kwanza ya buluu katika msimu mzima. Akainama. Mdogo wake, wa miaka mitano, akawahi.

"Nilikushika. Nikakufungua viganja vyote viwili. Nikakufungua mdomo nikatia kidole mpaka ukatapika. Nikakuvua gauni nikalikung'uta. Hakuna! Nikakuuliza iko wapi, ukasema umeimeza. Siku tatu, daktari, siku tatu nilimfuata huyu kila akienda haja, na kijiti mkononi."

Muuguzi mmoja alicheka akashindwa kujizuia, na chumba kizima kikacheka naye, hata daktari, hata Agatha mwenye pamba puani. Efrazia hakucheka. Alikuwa akitikisa kichwa.

"Halafu ukapata mafua yasiyoisha. Marehemu mama akasema ni mafua ya utoto. Yakapungua, tukasahau." Alihesabu kwa vidole. "Miaka thelathini na sita."

Kicheko kiliisha chenyewe. Agatha aliitazama shanga. Alijaribu kumkumbuka yule mtoto, kisima, mchanga uliolowa, dada aliyekuwa akija mbio, na mkono mdogo ukipanda usoni haraka kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuficha. Hakukumbuka chochote. Mtoto yule alikuwa ameamua jambo kwa dakika moja, kisha akasahau, akakua, akaolewa, akazaa, akalima. Na muda wote huo mwili wake haukusahau. Ulikaa na siri ya mtoto ukaifunika, safu kwa safu, yeye akicheka na akilala, bila kumwomba ruhusa na bila kumwambia. Mwisho ulishindwa, ukaoza pembeni, ukatoa damu ili mtu aje aone. Alihisi kitu kama anachohisi kanisani wakati wa kimya, pale kengele inapolia na wote wanainama. Aliogopa kidogo.

"Hii ni yangu," alisema Efrazia, akiinuka. "Niliiona mimi kwanza."

Daktari aliiosha kwa dawa, akaifunga kwenye kipande cha plasta, akampa.

Bonaventura alimngoja stendi ya Mbulu siku ya tano. Alimpakia kwenye pikipiki, lakini hakuiwasha. Alibaki amekaa mbele yake, amempa mgongo.

"Umenikasirikia?" aliuliza.

"Miaka mitatu, Baba Michael."

"Ningekuambia nini? Kwamba mke wangu ananuka?"

"Ndiyo," alisema Agatha. "Hivyo hivyo. Ningelia siku mbili, ya tatu ningekwenda hospitali."

Aliona shingo ya mumewe ikiinama. "Niliona kama nakulinda," alisema.

"Najua." Na alijua kweli, ndiyo maana iliuma. Aliweka mkono juu ya bega lake. "Washa, twende. Baridi."

Daktari Clement alikuwa amemwambia aoshe pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, asubuhi na jioni, na kwamba harufu inaweza kurudi, au isirudi, au irudi nusu. Alipita kwa Restituta kumwonyesha picha ya shanga kwenye simu. Binti yule aliitazama mpaka kioo kikazima, akaiwasha akaitazama tena, kisha akaomba atumiwe. Wiki ya kwanza hapakuwa na harufu. Ya pili hapakuwa. Ya tatu alianza kujiambia kwamba hewa inatosha, na ilitosha kweli. Alilala ubavu wowote aliotaka na aliamka na mdomo uliofungwa.

Katika wiki ya nne ng'ombe wao mweusi alizaa. Alizaa asubuhi, peke yake, bila kusumbua mtu, na Agatha alipoingia zizini na ndoo alimkuta ndama ameshalambwa nusu, miguu imekunjamana, masikio yameloa. Alipiga magoti kwenye majani amfute pua. Akainama.

Ilikuja bila kubisha. Joto kwanza, alishangaa kwamba joto lina harufu. Kisha utando, kitu cha damu na chumvi. Kisha majani yaliyochacha, mkojo wa ng'ombe, moshi wa jana katika mbao za paa, udongo. Kila kimoja kilisimama peke yake, na kila kimoja kilikuwa kikubwa mno. Alishika nguzo. Alikuwa ameingia zizi hili mara elfu, na leo aliona kana kwamba mtu amelijenga upya usiku na kulijaza. Ng'ombe alimpumulia shingoni na pumzi ile ilikuwa na nyasi, nyasi za mlimani na si za bondeni, na alijua tofauti yake, hakujua kwamba anaijua.

"Baba Michael!" aliita. "Njoo!"

Bonaventura alikuja mbio na kamba mkononi. "Kuna nini? Hajasimama?"

"Atasimama. Njoo unuse."

"Nimekulia na ng'ombe mimi, mke wangu."

"Njoo tu."

Alimtazama usoni, akaona, akaiacha kamba ianguke. Alipiga magoti kando yake, akaweka uso karibu na kichwa kile kilicholoa, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko Agatha alivyotegemea.

"Maziwa," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Hajanyonya bado, lakini nasikia maziwa."

"Na mimi," alisema Agatha. "Na mimi nasikia."